Muhula wa Benigna

Jumatatu, 14 Januari 1974

Leo nimeitwa Benigna na watu ambao sijawahi kuwaona. Mwalimu wa zamu aliniita kwenye foleni ya masanduku, matroni akaniita aliponionyesha kitanda, kisha msichana wa kidato cha tatu akaniita kunituma maji. Wote nimewaitikia. Baba alinifundisha njiani, ndani ya basi kutoka Kamachumu: ukisikia Benigna Clavery itika upesi, usigeuke kumtafuta mwenye jina.

Mwenye jina ni ndugu yangu, mtoto wa Baba Mkubwa. Alikufa kwa homa baada ya Krismasi akiwa kwa bibi yake mzaa mama, hapa Ijuganyondo, akazikwa hukohuko bila watu wa kijijini kwetu kuambiwa. Alikuwa ameshachaguliwa kuingia kidato cha kwanza, msichana pekee kutoka shule yetu. Mwaka juzi mtoto wa jirani alichaguliwa akafa vivyo hivyo, na ikasemwa kwamba nafasi yake ilipelekwa wilaya nyingine. Baba Mkubwa, yaani Ta Clavery, na Baba yangu Ta Rwegasira walikaa na kibuyu cha pombe ya rubisi kati yao, na walipoinuka walikuwa wamekubaliana kwamba safari hii nafasi haitapotea. Kijijini watu wanajua Benigna yuko sekondari na mimi Joviana nimekwenda Ijuganyondo kumsaidia bibi yule kulima.

Sikuulizwa. Lakini nisiseme uongo humu, maana nje nitausema wa kutosha. Nilitaka sana kusoma.

Jumatano, 16 Januari

Kengele inalia kabla jua halijatoka. Mchakamchaka mpaka njia ya Nshambya na kurudi, tukiimba. Kufagia, kuoga maji ya baridi, uji, gwaride, darasani. Walimu wanafundisha kwa Kiingereza na sisi tunatikisa vichwa kana kwamba tumeelewa. Mchana ugali na maharage. Baada ya hapo shamba la shule, kwa sababu elimu ni ya kujitegemea, ingawa majembe haya yana mipini ya kujitegemea zaidi, inachomoka yenyewe.

Jioni ni vikundi: ngoma, kushona, michezo, kwaya, Vijana wa TANU. Nilikwenda kwenye ngoma. Nikaambiwa jina langu tayari liko kwaya.

Alhamisi, 17 Januari

Sista Ephrasia ndiye mwalimu wa muziki. Serikali ilipoichukua shule masista wengine waliondoka, yeye akabaki na kinanda chake. Ni mdogo wa mwili, na anaongea polepole. Aliniambia nisimame karibu.

"Wewe ndiye uliyeimba Kamachumu siku ya Kipaimara," akasema. "Mimi nilikaa mbele, nyinyi mlikuwa nyuma ya kanisa. Nilitamani kugeuka, adabu ikanizuia. Nilipoona jina lako nilimshukuru Mungu."

Akapiga kinanda, nikaimba. Benigna alikuwa na sauti. Mimi nina mdomo tu, kila mtu kwetu anajua. Sista akaondoa mikono kwenye kinanda akanitazama.

"Una mafua?"

"Ndiyo, Sista."

"Pole. Ni vumbi la safari. Yataisha."

Jumanne, 22 Januari

Mafua hayajaisha.

Jumapili, 3 Februari

Siku ya wageni. Mama Mkubwa amekuja. Jina lake Adventina, mama wa Benigna. Tangu nikiwa mdogo nilimwogopa kwa sababu hasemi neno mara mbili. Alikuja na matoke kwenye jani la mgomba na ndizi gonja za kuchoma, na udongo mweusi wa kibanja cha migomba ulikuwa umemganda mpaka kwenye vifundo. Nikajua ametoka kaburini. Ijuganyondo ni chini tu hapo.

"Benigna, umekonda," akasema.

Tulikuwa peke yetu chini ya ukuta wa jikoni. Hakuna aliyekuwa anatusikia. Angeweza kuniita Joviana.

Benigna alipenda gonja. Mimi hunichefua. Nimezila zote huku ananitazama mdomo.

Ijumaa, 8 Februari

Kuna Joviana mwingine kidato cha pili, Joviana Mushumbusi, mrusha tufe. Akiitwa, nageuka. Leo nimegeuka hata mwenyewe hajasikia. Nikajifanya nina shingo iliyokaza.

Jumatano, 20 Februari

Sista ameamua kwamba sauti yangu imeharibika kwa homa, na kwamba kinanda kitairudisha. Kila Jumatano na Ijumaa, wenzangu wakienda shamba, mimi nakaa naye kwenye chumba cha muziki. Nakanyaga huku na huku kwa miguu ili upepo uingie, vidole vinatafuta njia, na mdomo unasoma ubaoni: do, re, mi. Miguu ikisahau, wimbo unakufa. Kuna kibao kimoja, fa ya chini, ambacho kwa unyevu kinanasa na kuendelea kulia baada ya kidole kuondoka. Wasichana wanasema kina pepo. Sista anakiinua kwa ukucha, anaendelea na somo.

Nimeanza kumpenda Sista, na hilo linaniumiza. Anamfundisha mtu ambaye hayupo, kwa uvumilivu ambao sijafundishwa nao maisha yangu yote.

Jumapili, 3 Machi

Mvua. Mama Mkubwa amekuja na mvua yake, na gonja zake. Akaniuliza kama nakumbuka siku tulipolima kwenye nyasi za rweya na mvua ya mawe ikatukuta, tukajifunika ungo. Nakumbuka. Ungo ule walijifunika yeye na Benigna. Mimi nilikimbia peke yangu nikapigwa na mawe mpaka nyumbani, na wao walikuwa wanacheka.

"Nakumbuka, Mama," nikasema.

Ni mara ya kwanza nimemwita Mama bila Mkubwa.

Jumapili, 10 Machi

Si siku ya wageni, lakini Mama alipata lifti ya gari la kahawa na mwalimu wa zamu akamhurumia. Mama yangu mimi, Klaudia. Mwalimu alimuuliza yeye ni nani wa Benigna.

"Mimi ni mama yake mdogo, waitu," akajibu kwa heshima ya kwetu, macho chini.

Tulipewa muda mfupi. Alinishika mikono, akaona malengelenge ya jembe, akayapuliza kama zamani. Nilitaka kumwambia kila kitu, lakini wasichana wawili walikaa karibu wakisuka mkeka. Mmoja akasema kwa sauti, mama yako mdogo mnafanana kuliko mama yako. Mama akacheka, cheko fupi, akafunga kanga yake, akaaga. Sikumsindikiza mpaka barabarani kwa sababu shangazi na mama wadogo hawasindikizwi mpaka barabarani. Nilijibanza nyuma ya stoo nikamwangalia akishuka kilima, na hakugeuka hata mara moja. Nililia kwa hasira. Niliwakasirikia wazee wetu, nikamkasirikia Benigna, ambaye hata kufa amekufa kwa kunipita.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua. Hesabu mbaya. Gonja hakuna mtu aliyeleta, na nimezitamani. Nimekaa nikijiuliza hilo limeanza lini.

Ijumaa, 29 Machi

Leo mtu alimwita Joviana uwanjani. Sikugeuka. Nilikuwa nimefika bwenini ndipo nikagundua kwamba sikugeuka.

Jumapili, 14 Aprili. Pasaka

Sisi wa kwaya hatukwenda nyumbani. Nimeimba kiitikio peke yangu kanisani.

Nataka niandike sawasawa ilivyotokea. Nilisimama mstari wa pili, mahali pangu, yaani mahali pake. Sista akakanyaga, kinanda kikaanza, nami nikafungua mdomo nikitegemea sauti yangu ya kawaida, iliyonyooka kidogo kwa mazoezi. Ikatoka nyingine. Ilianza chini, ikapanda taratibu, na kwenye kilele ikatetemeka kidogo namna ambayo Benigna alikuwa anafanya akiwa anapalilia, pale anaponyoosha mgongo. Niliitambua kabla ya mtu mwingine yeyote. Niliogopa nikiacha kuimba itaendelea bila mimi.

Misa ilipokwisha Sista alinishika kidevu.

"Ndiyo hiyo," akasema. "Nilijua umo humo."

Najua jambo hili linavyoelezeka. Nimemsikia Benigna tangu tunajifunza kutembea, na miezi hii yote nimekuwa nikiimba kama ninavyomkumbuka, kwa sababu ndicho walichotaka. Hata kasuku angejifunza. Nimejieleza hivyo mchana kutwa.

Alhamisi, 25 Aprili

Tulitumwa kukata nyasi za kutandaza kwenye migomba ya shule. Tulifika mpaka Ijuganyondo. Nikamwambia kiongozi wetu kwamba nina bibi hapo karibu naomba maji, akaniruhusu.

Bibi alikuwa anamenya matoke mlangoni. Alinitazama gauni la shule, kisha uso.

"Wewe ni nani sasa?" akauliza.

"Joviana, Bibi. Mtoto wa Rwegasira."

"Afadhali umekumbuka."

Akaweka kisu chini akanipeleka nyuma ya nyumba. Kaburi liko kati ya migomba, limetandazwa nyasi vizuri, halina msalaba. Msalaba huandikwa jina. Nilipiga magoti lakini sala haikuja, nikabaki naangalia siafu wakipita juu yake kwenda zao.

"Huyu ni mtoto wa ukoo wenu," Bibi akasema. "Mahali pake ni kwenye kibanja cha baba yake, si huku kwa wajomba. Nimewaambia, wanasema tusubiri. Na mama yake hajalia."

"Hajalia kabisa?"

"Hata siku ile. Walimwambia akipiga yowe watu watauliza. Nyasi za msiba hazikutandikwa ndani, hakuna aliyeweka jembe chini, hakuna aliyenyoa. Anakuja anakaa hapo ulipopiga magoti. Namwambia, Adventina, mwana wange, huku kwangu lia tu, nani atakusikia. Ananijibu, nitamliaje mtu anayeimba kwaya kule juu?"

Sikunywa maji. Nilirudi kwa wenzangu nikabeba mzigo wa nyasi mkubwa kuliko kawaida, na hakuna aliyeniuliza kitu.

Miezi hii yote nilidhani Mama Mkubwa ananionea. Nilidhani anafurahia kunifuta. Kumbe mimi ndiye niliyesimama mlangoni pake, na msiba wake unashindwa kupita.

Jumapili, 5 Mei

Amekuja. Nywele zake zimeota, zinachungulia chini ya kitambaa, na kando ya masikio zimekuwa nyeupe. Amesikia habari za Pasaka kutoka kwa wauza samaki wa huku.

"Niimbie," akasema.

"Hapa, Mama?"

"Kidogo tu."

Niliimba kidogo, chini ya ukuta wa jikoni. Aliweka vidole vyake kooni pangu, vilikuwa vya baridi, na alifumba macho. Nilipomaliza hakuvitoa.

"Likizo utalala kwangu," akasema. "Kitanda chako nimekibadilishia nyasi. Kwa Klaudia utakwenda kusalimia."

Nilitikisa kichwa kukubali. Ningefanya nini? Nilikuwa nimedhamiria kumwambia nenda kalie, Mama Mkubwa, mimi ni Joviana. Nilikuwa na maneno yote. Lakini nikisema hayo narudi kulima, sina shule. Nikakubali, nikala gonja.

Jumatatu, 13 Mei

Mashindano ya nyimbo ya shule za mkoa yatafanyika hapa kwetu Jumamosi ya kufunga muhula. Wazazi wamealikwa. Sista ametunga wimbo wa kusifu jembe, na sehemu ya katikati ni ya mtu mmoja. Mwenzangu mmoja alisema wimbo wa jembe ungeimbwa na mpini unaochomoka. Nilicheka, kwa sababu ni utani wangu wa zamani umenirudia kupitia mdomo wa mwingine.

Ijumaa, 17 Mei

Mazoezi. Mvua. Fa ya chini imenasa siku nzima.

Jumapili, 26 Mei

Jana sikuandika. Ni leo tu nimeweza kushika kalamu.

Ukumbi ulijaa. Shule nyingine zilikaa upande wa madirisha, wazazi nyuma, wageni wa mkoani mbele kwenye viti vya ofisini. Baba alikuwepo, na Baba Mkubwa kwenye koti lake la harusi. Mama yangu na Mama Mkubwa walikaa benchi moja, hawaangaliani. Mwalimu wa nidhamu akasoma: "Kiongozi wa sauti, Benigna Clavery." Watu wakapiga makofi.

Tulianza vizuri. Nilipofika kwenye sehemu yangu nilitoka mbele, na sauti ile ikaja bila kubembelezwa. Nilijua nitamwona Mama Mkubwa kwa hiyo niliangalia dari. Nikapanda mpaka kilele, nikatetemesha pale pa kutetemesha. Mvua ilikuwa inanyesha juu ya bati.

Nikasikia benchi likikwaruza sakafu. Mama Mkubwa alikuwa amesimama. Alipita katikati ya watu akaja mpaka mbele, akapita viti vya wageni, na mwalimu aliyetaka kumzuia akasita. Kwaya iliendelea kuimba chini chini nyuma yangu. Alinishika uso kwa mikono miwili. Alinitazama jicho moja, halafu la pili, halafu mdomo. Aliangalia kovu dogo la paji la uso, lile nililolipata kwa mvua ya mawe.

"Si wewe," akasema taratibu.

Kisha akapeleka mikono yake kichwani akapiga yowe. "Yeee, mwana wange! Benigna, mwana wange!" Lile yowe kwetu halina maana mbili. Wanawake nyuma ya ukumbi, wasiomjua hata kwa sura, waliinuka wote mikono vichwani wakaanza kuitikia kilio, kama inavyotakiwa mtu akisikia msiba. Kwaya ikanyamaza. Sista alibaki na vidole hewani.

Mwalimu Mkuu alikuja mbio. Ni mwanamke mrefu kutoka Karagwe, hajazoea kukimbia. "Huyu mama ana nini? Benigna si huyu hapa?"

Baba Mkubwa alikuwa ameshafika. "Samahani sana, waitu," akasema. "Mke wangu ana ugonjwa wa kichwa. Unamjia na kuondoka. Tunampeleka nyumbani."

Mwalimu Mkuu akamtazama Baba yangu, na Baba akasema ndiyo, ni kichwa, ni siku nyingi. Wakamshika Mama Mkubwa kila mmoja mkono wake. Alikuwa ameketi sakafuni, kitambaa kimeanguka, na hakuwasikia. Mama yangu alikuwa amesimama ameziba mdomo kwa kanga. Baba alinitazama, nikaelewa kabisa alichokuwa ananiomba. Ilikuwa ni kunyamaza tu. Mama Mkubwa angeondoka akiitwa kichaa, mimi ningebaki na dawati langu na kinanda na Sista, na ingekwisha hivyo.

"Si kichwa," nikasema. "Benigna amekufa. Alikufa baada ya Krismasi. Mimi ni Joviana wa Rwegasira."

Sauti iliyosema hayo ilikuwa yangu, ile mbaya. Sista aliisikia, nilimwona.

Jumatatu, 27 Mei

Walimchukua Mama Mkubwa mpaka kwa Bibi Ijuganyondo, kwa kuwa ndiko karibu. Tangu Jumamosi wanalia huko. Baba Mkubwa amekubali mtoto ahamishwe kwenda kwao Kamachumu, na amewapeleka watu wakaanze kuchimba. Hayo kayaleta Mama asubuhi, na safari hii aliandikisha mlangoni kwamba ni mama yangu.

Mchana niliitwa ofisini. Sista alikuwepo, amekaa dirishani. Nilikuwa nimeshafunga sanduku. Mwalimu Mkuu aliniuliza nilishika nafasi ya ngapi kwenye mtihani shuleni kwetu. Nikamwambia Benigna alikuwa wa kwanza kwa wasichana na mimi nilimfuata.

Akauliza, bila ukali, kwa nini wazazi wetu walifanya vile. Nikamweleza habari za mtoto wa jirani na nafasi iliyopelekwa wilaya nyingine.

"Huo ulikuwa utaratibu wa mwaka juzi," akasema. "Siku hizi aliyechaguliwa akifa au akiolewa, tunamchukua anayefuata katika shule ileile. Januari tuliwauliza walimu wakuu wote kama waliochaguliwa bado wapo. Wa kwenu alijibu kwamba Benigna yuko salama, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa na wazee wenu. Mngesema tu amekufa, ningekuita wewe."

Nilidhani sijasikia vizuri. Akarudia. Akasema ataandika mkoani, kwamba kuna adhabu na nitaipata, nitalima na nitachota maji muhula mzima ujao, lakini nikitoka msibani nirudi shuleni kwa jina langu. Sista alisema sauti yangu haifai kuongoza, ila kwenye kinanda nina vidole, na Jumatano ni palepale.

Nilipaswa kufurahi. Nilisimama katikati ya ofisi ile nikimfikiria Mama Mkubwa.

Sasa niko tayari kwenda. Mama ananisubiri langoni. Tutashuka wote mpaka Ijuganyondo, tutamkuta Mama Mkubwa ameketi kwenye nyasi za msiba na kichwa kimenyolewa, na swali lake la kwanza litakuwa kama wamenifukuza. Nitamwambia hapana. Ataniuliza imekuwaje, na hapo sitaweza kumdanganya tena. Itanibidi nimwambie kwamba nafasi ilikuwepo tangu mwanzo, kwamba hakuna aliyehitaji jina la mtoto wake, na kwamba angeweza kumlilia siku ileile aliyokufa.